Skii Zilizobanwa kwa Magunia ya Mchele

Mwaka ule ndoa yangu ilikuwa kwenye kidole gumba cha mzee mmoja wa Riyadh aliyekuwa akitengeneza skii uani kwake. Sisemi kwa mafumbo. Huku Saudia rukhsa ya kwenda kwenu na kurudi anaitoa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kwa simu yake: anafungua, anabonyeza, halas, umeruhusiwa. Asipobonyeza, unabaki. Na kafili wangu alikuwa ameapa kwa Mungu kwamba habonyezi mpaka skii zake ziteleze.

Nianze na ndoa. Mimi na mama watoto wangu tulikaa miaka kumi na tisa bila kufunga ndoa kanisani. Si kwamba tulikataa. Mwaka huu shamba, mwaka ule karo, halafu mimi nikaja huku kuendesha gari. Yeye ni Mkatoliki kwelikweli, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kwa miaka yote hiyo, kila Jumapili watu wakiinuka kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi amekumbatia mkoba, akikunja magoti ili wenzake wapite. Parokia yetu hufungisha ndoa za pamoja kila Desemba kwa watu kama sisi. Desemba iliyotangulia tulikuwa kwenye orodha. Alivaa gauni, akasimama kwenye foleni ya maharusi, na mimi nilikuwa Riyadh nikimpeleka madam, mke wa kafili, kwa daktari wa meno. Alisimama peke yake mpaka padri akamfikia. Padri alimwambia nini sijui, sijawahi kuuliza, naona aibu mpaka leo. Yeye aliniambia jambo moja tu kwa simu: "Baba watoto, mwaka huu usipotokea, mimi jina langu natoa. Siwezi kuchekesha watu mara mbili."

Nilimwamini. Si mtu wa kurudia maneno.

Kafili wangu tulimwita Baba. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mpole, mwenye kunukia mafuta ya udi tangu asubuhi, na sina baya la kusema juu yake isipokuwa hili: alikuwa hajawahi kumaliza kitu. Nyumba yake ya mtaa wa Malaz ilikuwa na chumba cha uani, cha aina ambayo majirani humweka dereva wao. Mimi niliwekwa juu ya gereji kwa sababu chumba kile kilikuwa karakana yake, na kilikuwa kimejaa. Mlikuwa na nusu ya mtumbwi. Mlikuwa na mzinga wa nyuki usio na mfuniko, katika mtaa ambao sijawahi kuona hata nyuki mmoja. Juu ya rafu palikuwa na tufe la dunia alilolichonga mwenyewe kwa mti, lenye Asia nzuri sana na Afrika ya kuridhisha. Akachoka kabla ya kufika Amerika.

Siku moja alimwona kwenye simu mzee wa nchi za baridi akitengeneza skii kwenye kibanda chake. Skii ni zile mbao mbili ndefu ambazo watu wa huko hufunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Malaz hakuna theluji. Baba alisema hilo si tatizo, nje ya mji kuna vilima vya mchanga mwekundu, na mchanga ni theluji iliyokosa bahati.

"Kwenu ulikuwa seremala?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Milango, vitanda, na zaidi majeneza.

"Vizuri," akasema. "Aliyezoea majeneza anajua kupima mtu."

Basi nikawa dereva asubuhi na fundi wa skii alasiri. Sikulalamika, maana nilikuwa nimeikumbuka randa. Mwezi wa tisa nikamwomba rukhsa ya Desemba. Alikuwa anakunywa kahawa uani, akajibu bila kuinua kichwa: "Mafi mushkila, hakuna tabu, utakwenda. Tumalize skii kwanza." Madam alikuwa anapita na sinia. Akacheka, akasema, "Basi huyu hatakwenda milele."

Baba aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika, nikamwonea huruma kabla sijajua kwamba wa kuonewa huruma ni mimi. Akasema, "Wallahi, sibonyezi rukhsa ya huyu mpaka skii hizi ziteleze." Madam akaingia ndani na sinia lake. Mimi ndiye niliyecheka, kwa sababu Kiarabu changu kilikuwa cha barabara na maegesho, na uzito wa neno lile sikuujua.

Jikoni alikuwepo dada wa kazi, Mswahili wa Malindi, mtu wa swala tano na ulimi mkali. Aliyasikia yote kupitia dirishani.

"Kaka wacheka? Mzee amekula yamini."

"Si ameapa tu. Watu huapa kila siku."

"Wewe huapa kila siku. Huyu akiapa ameapa. Anza kuchonga hizo mbao zako."

Nikaanza kuchonga. Baba alitaka mti mweupe wa Ulaya, mgumu lakini wenye kunesa, na kila mbao ya Riyadh aliyoletewa aliigonga kwa kidole akatikisa kichwa. Hapo nikamkumbuka rafiki yangu wa kwetu aliyekuwa Jedda, mtaa wa Al-Mahjar, akifanya kazi kwenye uwanja wa kubomoa makreti ya mashine zinazokuja kwa meli. Tukafunga safari, Baba na mimi, siku nzima barabarani, yeye akinieleza kila mlima umetokana na nini.

Rafiki yangu alinikuta nikipapasa mbao zake kama mtu anayechagua ng'ombe.

"Hii unataka ya nini?"

"Ya skii."

Nikamweleza skii ni nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akawageukia wenzake. "Wazee, huyu jamaa anaenda kuteleza kwa jangwa." Wakaacha misumari ili wacheke vizuri. Nilipomweleza habari ya kiapo alikuna kichwa. "Kuna watu hapo Karantina wanatafuta rukhsa mpaka wamesahau sura ya kwao, na wewe yako iko ndani ya mbao? Mwambie mama watoto asinunue gauni bado."

"Analo. Ni la mwaka jana."

Akaacha kucheka. Akaenda mwenyewe nyuma ya uwanja, akachagua mbao sita nyeupe zilizonyooka, akang'oa misumari yote kwa mkono wake, akazipakia. Baba alipotaka kumshukuru alikataa kusikia mpaka tunywe chai. Tulipoagana akanishika bega. "Piga randa, bro. Piga randa kama umeshikiwa rungu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya wazimu tangu mwanzo. Ncha ya skii lazima ikunjwe iangalie juu, na mbao haikunjwi kavu, inataka mvuke. Baba akachukua sufuria kubwa ya madam ya kupikia kabsa, wali wa nyama, ya wageni, akaunganisha bomba, akaunganisha sanduku refu la mbao, na kwa siku mbili tukachemsha mbao. Dada wa Malindi alikuja akasimama mlangoni.

"Wageni wanakuja kesho. Nyama niipike ndani ya nini, ndani ya kofia yako?"

Tulizikunja ncha zile kwa kuzizungushia mtungi wa gesi, mimi nikivuta, Baba akisoma dua. Zikakunjika. Lazima niseme ukweli, nilifurahi. Miaka sita nilikuwa nikishika usukani wa gari la watu, na sasa mbao ilinitii.

Halafu ikaja kazi ya gundi. Skii haichongwi kwa ubao mmoja, ni vipande vyembamba vinavyobandikwa kimoja juu ya kingine, na lazima vibanwe kwa nguvu mpaka vishikane. Vibano vyetu havikutosha. Baba akafikiri, akaingia stoo, akatoka na gunia la mchele. Nyumba ile iliweka mchele kama watu waliowahi kuona njaa. Tukapanga magunia kumi na moja juu ya skii, kutoka ncha hadi mkia, Baba akasema hakuna kugusa kwa wiki moja.

Lakini watu lazima wale. Kwa hiyo kila mchana dada alikuja karakana na bakuli, na kwa amri ya Baba alichota kwa usawa: mkono mmoja gunia la mbele, mkono mmoja gunia la nyuma, asije akapunguza uzito upande mmoja. Baba alisimama pale akimhesabia. Sijapata kuona wali unaopikwa kwa nidhamu kama ile. Dada alikuwa akitoka ananong'ona maneno ambayo sidhani yalikuwa dua.

Siku ya sita Baba na madam walipanda ndege kwenda Jedda na kutoka hapo Makka kwa umra, siku nne. Akaniachia ufunguo wa karakana. Akasema niziangalie tu.

Ningeziangalia tu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Niliondoa magunia, nikaziweka skii juu ya sakafu, moyo ukanifa. Zilikuwa zimebenuka katikati. Ncha na mkia zimegusa chini, tumbo limeinuka, mpaka ningeweza kupitisha vidole viwili. Kwetu, fundi aliyenifunza kazi alikuwa na sheria moja: ubao ukiuweka chini ukaona mwanga unapita, hujafanya kazi, umefanya aibu. Kitanda kikibenuka mteja anakirudisha. Jeneza likibenuka, mteja harudishi, lakini ukoo wote unalijua.

Nikamfuata dada jikoni. "Umechota katikati!"

"Nimechota nini?"

"Mchele! Umechota gunia la katikati, mbao imeinuka!"

"Nikachote katikati ili iweje, na babu amenisimamia kama askari wa forodha? Niondokee hapa."

Hatukusemeshana siku nne. Siku hizo nne nilizitumia kurekebisha kosa. Ncha nilizipunguza kwa chini, mgongo nikaupunguza kwa juu, randa ikiimba, maranda yakinifika vifundoni. Nilipomaliza, skii zililala sakafuni kama rula. Huwezi kupitisha hata karatasi. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani mikono miwili. Jioni nilimpigia mama watoto nikamwambia, kazi imekwisha, tafuta viatu.

Baba aliporudi alizipapasa kwa viganja. Macho yake ya karibu hayakuwa mazuri na rangi ilikuwa inang'aa. Akasema "mumtaz", yaani bora kabisa, akanipiga begani. Nikavimba kichwa.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye vilima. Ilibaki siku kumi na moja kabla ya ndoa. Baba alikuwa amekunja kanzu na kuifunga kiunoni, amevaa miwani ya jua, mikononi ameshika mipini miwili ya fagio kama fimbo zake. Miguu niliifunga mwenyewe kwa mikanda ya gari kuukuu. Akasimama juu ya kilima, akasema bismillahi, akajisukuma.

Hakwenda.

Akajisukuma tena. Mchanga ulizimeza ncha. Akabaki amesimama pale juu, mzima, wima, mbele yake mteremko wote. Vijana waliokuwa wakiendesha pikipiki za mchanga wakazima injini, wakatoa simu. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria kimyakimya.

"Baba, nikusukume kidogo?"

Akawaza kwa haki kabisa. "Hapana. Kusukumwa si kuteleza."

Kijana mmoja akasema ana kamba, anaweza kumvuta na pikipiki. Baba akamshukuru kwa adabu. "Kuvutwa pia si kuteleza." Akaendelea kusimama. Nadhani tulikaa hivyo karibu nusu saa, na nikaanza kumwona mama watoto wangu kwenye foleni ile tena, na gauni lile lile. Nikamwambia Baba apumzike, nikapaka nta ya mshumaa chini ya skii, tukapanda hadi mahali penye mteremko mkali zaidi. Pale Baba aliamua kuruka kidogo ili kuanza.

Skii ya kushoto ilivunjika chini ya mguu wake kama bua la mahindi. Akakaa kitako mchangani. Hakuumia. Aliokota kipande, akavua miwani, akakileta karibu na pua.

Ningeweza kunyamaza. Pale palipovunjika palikuwa na tundu la msumari wa kreti, ningeweza kulisingizia tundu, au uwanja wa Al-Mahjar, au mchele. Lakini nilikuwa nimeona unene wa mbao ile, na nilijua ni randa ya nani iliyoula.

"Baba, ni mimi. Ulipokwenda umra zilikuwa zimebenuka. Nikazinyoosha."

"Lile tumbo?"

"Lile tumbo."

"Lile tumbo nililiweka mimi," akasema polepole. "Niliweka kabari chini, ili liinuke. Ndilo linalombeba mtu."

Nikamweleza habari ya kitanda na jeneza. Alinisikiliza akiwa ameketi vilevile, mguu mmoja bado umefungwa kwenye skii nzima. Mwishowe akaniuliza, "Ulifanya kazi siku zote nne?" Nikasema zote. "Basi wewe ni mtu wa kwanza kumaliza kitu katika chumba kile," akasema, na akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. Nami nikacheka kwa kumwiga. Tulipokaribia Malaz alisema tutaanza upya, tutafuata mbao nyingine. Nikamwambia, Baba, zimebaki siku kumi na moja. Akageukia dirisha. "Nimeapa," akasema.

Jikoni nilimwomba dada msamaha wa mchele, kisha nikakaa juu ya ndoo nikamweleza yote. Alikuwa anakata vitunguu, akaacha.

"Kwani yamini haina kafara?"

"Kafara gani?"

"Ukila yamini ukashindwa, walisha maskini kumi, chakula kile kile unachowalisha watu wa nyumbani kwako. Umemaliza. Mimi nimefunzwa hayo chuoni sina meno ya mbele."

"Na yeye anajua?"

"Mzee mzima, mwalimu, umra kila mwaka. Asijue?"

Hasira niliyoipata siwezi kuipunguza hata leo. Miezi mitatu mtu alikuwa na mlango mfukoni, na mimi nachemsha mbao kwenye sufuria. Nikavuka ua bila kuvua viatu vya kazi. Baba alikuwa karakana, ameketi kwenye nusu ya mtumbwi wake, vipande viwili vya skii magotini.

"Baba," nikasema, "kuna kafara."

"Najua. Nilijua siku ile ile."

Nikamwambia yote, kwa Kiarabu changu kibovu. Yeye alikuwa anajua nina harusi tu. Nikamwambia habari ya benchi, na mkoba, na magoti anayokunja watu wapite. Komunyo sikujua kwa Kiarabu inaitwaje. Nikasema, kanisani kuna chakula cha Mungu, kila mtu anakula, mama watoto wangu haruhusiwi mpaka mimi nifike. Amekaa bila kula miaka kumi na tisa.

Aliinua macho akatazama rafu. "Vitu vyote hivi niliviacha kwa sababu hakuna aliyenizuia kuviacha," akasema. "Safari hii niliapa ili nisipate pa kutokea. Nikakufungia wewe pamoja nami. Hiyo ni dhuluma." Akaweka vipande chini. "Yalla. Kesho tunapika."

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe kupata maskini kumi Malaz si mchezo. Nilizunguka na gari tangu asubuhi. Mlinzi wa jengo la jirani aliniambia, "Mimi nina kibali cha ikama na kazi, maskini ni wewe." Mwingine alitaka kwanza kujua nani amemwita maskini. Nikabadilisha mbinu, nikasema kuna mzee ana karamu, ndipo wakaja: wafanyakazi wa ujenzi waliokuwa hawajalipwa muda mrefu, mbeba mizigo, mzee wa kuokota makopo. Kufikia alasiri nilikuwa na tisa. Wa kumi nilimpata barabarani anafagia, nikamchukua na fagio lake, lilitoka nje ya dirisha la gari la madam.

Dada alipika mchele wa magunia yale yale. Hakukuwa na mwingine. Ulikuwa na harufu ya gundi, kidogo tu, na hakuna aliyesema. Baba alikataa kusaidiwa. Aliwapakulia mwenyewe, akawamiminia maji ya kunawa, akawahesabu kwa vidole, akawahesabu tena. Alisubiri mfagiaji ale mpaka atosheke. Halafu akatoa simu, akafuta mafuta kwenye kidole gumba, akabonyeza. Simu yangu ikalia mfukoni. Nilikula ukoko wa sufuria ile nimesimama karibu na sinki, na sitaki kusema uongo, nililia.

Niliporudi Riyadh baada ya mwezi, nilimkuta Baba karakana. Nikampa picha ya ukutani ya ndoa yetu, mimi na mama watoto kwenye ngazi za kanisa, gauni limefunguliwa mishono kidogo kiunoni ili limtoshe. Aliishika mbali, kisha karibu. Akatafuta msumari, akaitundika chini ya lile tufe lisilo na Amerika, akarudi nyuma kuangalia kama imenyooka.

"Alikula?" akaniuliza.

"Alikula, Baba."